Wanafunzi Mia Moja, Ripoti Tatu

MASWALI YA WASOMAJI

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: madarasa ya watu wazima yanayogharamiwa na serikali, na ripoti zinazodaiwa kuonyesha fedha zimezaa nini. Nimefundisha kisomo miaka mingi, kisha nikahamishiwa meza ya takwimu, nikawa nasoma ripoti za vituo mpaka nikaweza kumjua mratibu aliyeandika kabla sijaona jina lake. Kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha maneno hapa na pale.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mratibu wa kituo cha elimu ya watu wazima. Miaka yote tumekuwa tukiripoti kila robo mwaka idadi ya walioandikishwa, wanaume kwa wanawake, na saa za vipindi. Sasa umekuja waraka unataka "matokeo", na eti ruzuku ya mwakani itategemea hayo. Mwaka huu nimeandikisha watu mia moja. Hayo si matokeo? Wanataka nini zaidi? Na wale wanaokuja ili tu waweze kusoma barua zao wenyewe, wasiotafuta kazi wala cheti, nitawaripotije?
Mratibu aliyechoshwa na fomu

JIBU: Marahaba. Hao mia ni watu waliopita mlangoni, na kuwapitisha mlangoni si kazi ndogo. Mtu mzima ana kazi, ana watoto, ana aibu ya kuonekana kashika daftari. Lakini aliyetoa fedha hakulipia viti vijae. Amelipia ili aliyeingia hajui atoke anajua, na sasa anauliza kama ndivyo ilivyokuwa. Ana haki ya kuuliza.

Hebu tuwapigie hesabu hao mia. Tuseme arobaini waliandika majina, wakaja mara mbili tatu, wakapotea. Sitini wakadumu. Katika hao sitini, arobaini walifanya jaribio la mwanzo na la mwisho. Ishirini siku ya jaribio la mwisho hawakuonekana. Na katika arobaini waliopimwa mara mbili, thelathini wamepanda kiwango. Haya, kituo kimefaulu kwa kiasi gani? Ukigawanya kwa waliopimwa, asilimia 75, na mgeni rasmi atapiga makofi. Ukigawanya kwa waliodumu, asilimia 50. Ukigawanya kwa walioandikishwa, asilimia 30. Hakuna namba ya uongo katika ripoti hizo tatu. Mwaka ni ule ule, walimu ni wale wale, na thelathini waliojifunza ni wale wale. Ndiyo maana mimi nikishika ripoti ya kituo siiangalii asilimia kwanza. Natafuta imegawanywa kwa idadi ipi, na kama haikuandikwa, naifunga.

Marekani wameliziba tundu hili kwa kanuni. Huko elimu ya watu wazima inaripotiwa chini ya sheria ya nguvukazi ya mwaka 2014, na mwanafunzi akishafikisha saa 12 za masomo anahesabika mshiriki. Tangu hapo, apimwe asipimwe, yumo katika namba ya chini ya sehemu, ile unayogawanya kwayo. Asiyefanya jaribio la mwisho, wala hana ushahidi mwingine wa maendeleo unaokubalika, anahesabika hajapanda. Kwa kanuni hiyo, kama ni wale sitini tu waliofikisha saa hizo, wewe una asilimia 50, na wale ishirini waliokosekana hawawezi kukusaidia kwa kutokuwepo. Naipenda kanuni hii kwa sababu inamlazimisha mratibu ainue simu: mama, mbona hukuja, jaribio tunaweza kulifanya Jumamosi.

Sheria hiyo hiyo inataka vipimo sita. Nani ana kazi katika robo mwaka ya pili tangu atoke masomoni. Nani anayo katika robo ya nne. Katika hiyo robo ya pili, wote walioajiriwa wakipangwa mstari kuanzia wa mshahara mdogo hadi mkubwa, wa katikati anapata kiasi gani. Nani amepata cheti akiwa bado anasoma au ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka. Nani amepanda kiwango cha stadi. Na cha sita, kama waajiri wamehudumiwa vizuri, ambacho kwa maoni yangu kimewekwa ili waajiri nao wasikike. Neno "kutoka" limefungwa pia: zimepita siku 90 bila huduma yoyote, na hakuna nyingine iliyopangwa. Basi huwezi kumweka mtu kwenye rejista kama "anaendelea" mwaka baada ya mwaka ili tu asihesabike ameacha. Rejista za namna hiyo nimezipitia nyingi: ukurasa mzima wa vyema vilivyopigwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, siku moja.

Sikwambii uige vipimo vya Marekani. Nakwambia kabla mwaka wa masomo haujaanza, kaa na anayekupa ruzuku muandikiane mambo matatu: nani anahesabika mwanafunzi, lini anahesabika ametoka, na apimwe lini na kwa kitu gani. Ukiyaacha mpaka mwisho wa mwaka, kila mmoja atachagua namba inayompendeza.

Kama unadhani natia chumvi, kuna kisa cha Uingereza. Septemba 2000 serikali ilianzisha akaunti za kujifunzia: mtu mzima anafungua akaunti, serikali inachangia sehemu ya ada ya kozi. Lengo lililotangazwa lilikuwa akaunti milioni moja. Walizivuka kwa mbali, zikafika milioni 2.6. Kwa kipimo cha kuandikisha, huo ni ushindi ambao sijui kama umewahi kupatikana mwingine. Ila watoa kozi hawakuchujwa ipasavyo, na hakukuwa na njia ya maana ya kuthibitisha kwamba mwenye akaunti amejifunza kitu. Novemba 2001 mpango ulifungwa. Zaidi ya pauni milioni 290 zilikuwa zimetumika, na makadirio ya ulaghai na matumizi mabaya yalikuwa takriban pauni milioni 97.

Sasa hao wasiotafuta kazi. Usiwalazimishe kuingia kwenye safu ya ajira. Wataonekana wameshindwa kitu ambacho hawakukitaka. Wape kipimo cha stadi, na ukiandike kwa kitendo. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye siku ya kwanza alilichora jina lake kama mtu anayechora ua: alianza na herufi ya mwisho, akarudi nyuma, kila herufi peke yake, bila kujua ipi inaitwaje. Miezi baadaye alileta bahasha ya dawa imeandikwa "1 × 3", akaisoma mbele ya darasa, akaeleza kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, na akauliza kwa nini bahasha ya pili imeandikwa "2 × 2". Hilo linapimika. Unatengeneza jaribio dogo la bahasha, unalifanya siku ya kwanza na siku ya mwisho, unahifadhi karatasi zote mbili. Mkaguzi akija humsimulii, unamfungulia faili.

SWALI: Mwalimu, mimi nafundisha kwa kujitolea. Kuna mama wa makamo amekuja zaidi ya mara moja kuomba nafasi. Hajui herufi hata moja, na nadhani macho nayo yanamsumbua. Nafasi ipo. Msimamizi wangu anasema nisimwandikishe: "Huyo atatushushia asilimia." Nifanyeje?
Mwalimu wa jioni

JIBU: Mwandikishe.

Lakini msimamizi wako simlaumu sana, maana hakuamka asubuhi akaamua kuwa mkatili. Ameambiwa asilimia ikishuka fedha zinakatwa, na njia rahisi kuliko zote ya kupandisha ufaulu ni kuchagua wa kuwafundisha. Marekani waliyaona haya wazi chini ya sheria yao ya mafunzo ya kazi ya mwaka 1982. Mashirika yaliyotoa mafunzo yalipimwa, na mengine kupewa bonasi, kwa kuangalia wangapi wamepata kazi na kwa mshahara gani. Wachunguzi wakakuta mambo mawili. La kwanza ni hilo la msimamizi wako: kuwachota wale ambao wangepata kazi hata bila mafunzo. La pili lina ujanja zaidi. Aliyemaliza mafunzo bila kazi hakufungiwa faili mara moja. Alihifadhiwa vitabuni mpaka apate, au mpaka ufike wakati ambao kushindwa kwake hakutaharibu bonasi. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1998, na kanuni ya siku 90 niliyomweleza mratibu hapo juu ni dawa ya ugonjwa huo.

Dawa ya ule ugonjwa wa kwanza ni kumpima mtu kwa alipoanzia. Katika mfumo wa Marekani wa sasa elimu ya msingi ya watu wazima ina viwango sita, na wanaojifunza Kiingereza wana sita vyao. Anayetoka cha kwanza kwenda cha pili anahesabika sawasawa na anayetoka cha tano kwenda cha sita. Juu ya hapo, malengo ya kila jimbo hurekebishwa kwa hesabu inayotazama hali ya ajira na aina ya watu wanaohudumiwa, ili anayefundisha wagumu asipimwe kwa fimbo ya anayefundisha wepesi. Kwa hiyo muulize msimamizi: ruzuku yetu inapima waliofika wapi, au wamepanda kiasi gani? Kama inapima kupanda, huyo mama si hasara. Kutoka herufi sifuri kwenda herufi ishirini kunaonekana kwenye jaribio lolote lenye akili. Kama inapima kufika tu, basi kosa liko kwenye mkataba, na ni huko linakotakiwa kupelekwa.

Na kama ataendelea kukataa, mwombe kwa adabu aandike sababu ya kumkatalia, aweke na sahihi. Mara nyingi nafasi hupatikana kabla kalamu haijashika karatasi. Mimi ningekuwa na madaraka, kila kituo kingeleta pamoja na ripoti orodha ya waliorudishwa mlangoni: umri, alikuja lini, alikataliwa kwa nini. Ripoti nyingi nilizosoma zilieleza kwa kirefu habari za waliofundishwa, na sikuwahi kukutana na ukurasa unaomtaja aliyeambiwa aende nyumbani.

Mpeleke pia akapimwe macho. Usije ukaandika "mzito kuelewa" mahali palipotakiwa miwani ya kusomea.

SWALI: Kila mwaka tunatangaziwa kwamba asilimia ya wasiojua kusoma imeshuka, na kwamba fedha za elimu ya watu wazima zimetumika vizuri. Mimi si mtaalamu, ni mlipa kodi tu. Nitajuaje kama ni kweli?
Mlipa kodi

JIBU: Anza na swali ambalo watangazaji hawalipendi: mmejuaje? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kumuuliza mtu, au hata mkuu wa kaya akamjibia: je, anajua kusoma? Sensa nyingi hufanya hivyo kwa sababu ni nafuu. Ya pili ni kumpa karatasi asome. Mwaka 2006 Kenya walifanya utafiti wa kitaifa kwa njia ya pili, watu wazima wakapewa majaribio, na matokeo yaliyotolewa 2007 yakaonyesha asilimia 61.5 ndio wenye uwezo. Namba hiyo iliwashtua wengi, kwa sababu makadirio yaliyozoeleka kabla yake yalikuwa ya juu zaidi.

Swali la pili: kujua kusoma ni kujua nini? Hapa Tanzania ya miaka ya 1970 inastahili heshima yake. Walipofanya mtihani wa kitaifa wa kisomo mwaka 1975, hawakuwagawa watu katika anayejua na asiyejua. Waliweka ngazi nne. Ya kwanza ni ya aliyehudhuria angalau theluthi mbili ya vipindi, basi, bila kudai kwamba anajua chochote. Ya pili ni ya anayetambua herufi na maneno na kuandika silabi. Ya tatu anasoma na kuandika sentensi fupi na kufanya hesabu ndogo. Huyo ndiye aliyeanza kuitwa anajua. Ya nne ni ya anayekitumia kisomo: anasoma gazeti, anaandika ujumbe, anaweka kumbukumbu zake. Tazama walivyoiweka rejista ya mahudhurio mahali pake, ngazi ya chini kabisa. Nusu karne baadaye bado kuna waratibu wanaoileta hiyo ngazi ya kwanza wakiiita mafanikio. (Mratibu aliyechoshwa, sikutaji.)

Mitihani ikarudiwa 1977, 1981, 1983 na 1986. Kwa takwimu rasmi, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 9.6 mwaka 1986. Ni kazi kubwa mno, na sikubaliani na wanaoibeza. Ila baada ya hapo mtiririko wa mitihani ukakatika, na sensa ya mwaka 2002 ikakuta karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Wapo waliosahau kwa kukosa cha kusoma, wapo watoto waliokua bila shule, na vipimo vyenyewe si vya aina moja. Ukitaka kujua kila sababu ilichangia kiasi gani, ungehitaji kuwa umewapima watu wale wale baada ya miaka mitano, kumi. Kwa hiyo swali lako la tatu kwa anayetangaza liwe hili: waliofaulu mwaka juzi, mmewarudia?

Na ukiona ripoti yenye matokeo mabaya, usikimbilie kuwafukuza walioiandika. Kuanzia 1967 hadi 1973 UNESCO iliendesha programu ya majaribio ya kisomo katika nchi 11, Tanzania ikiwemo. Tathmini iliyochapishwa 1976 na wenye programu wenyewe ilisema waziwazi: walifikiwa watu karibu milioni moja, na waliofikia kujua kusoma na kuandika ni takriban 120,000. Namba hiyo wangeweza kuificha kwenye jedwali la nyuma. Waliichapisha, na waliokuja baada yao wakajua wapi pa kurekebisha: kisomo kilikuwa kimefungwa mno kwenye uzalishaji, mtu akafundishwa kusoma kana kwamba ni mkono wa kazi tu. Mimi ningempa ruzuku ya mwaka wa pili anayeripoti hivyo kabla ya kumpa yule wa asilimia 98.

SWALI: Nimejiunga na kozi ya bure. Kwenye fomu wanataka namba yangu ya kitambulisho, namba ya simu na jina la mwajiri "kwa ajili ya ufuatiliaji". Je, nikikataa watanifukuza?
Mwanafunzi mwenye wasiwasi

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, na haja yao pia ina msingi. Ili kujua kama umepata kazi miezi sita baada ya kozi, ama wakupigie simu, ama walinganishe namba yako na kumbukumbu za mishahara zilizoko serikalini. Njia ya pili ni sahihi zaidi, maana watu hubadilisha laini, na wanaopokea simu kwa furaha ni wale mambo yao yamenyooka. Huko Marekani majimbo hulinganisha namba za hifadhi ya jamii na rekodi za mishahara kwa njia hiyo, lakini sheria yao ya faragha ya mwaka 1974 inasema ofisi ya serikali haiwezi kukunyima huduma kwa sababu tu umekataa kutoa namba hiyo, isipokuwa pale sheria nyingine inapoidai.

Waulize nani ataiona, itafutwa lini, na kama ukikataa bado utasoma. Wakijibu kwa maandishi, toa. Wakikwambia "ni utaratibu tu", toa simu, uache kitambulisho mpaka wapate jibu.

SWALI: Fupi tu, Mwalimu. Mwaka huu mwanafunzi wetu mmoja alifariki, mwingine amelazwa na hatarajiwi kurudi karibuni, wawili wamehama. Wote tuwahesabu kama walioshindwa?
Katibu wa kituo

JIBU: Poleni kwa msiba. Aliyefariki mtoe kwenye hesabu, na mgonjwa pia kama matibabu yatapita siku 90. Kanuni nyingi zenye busara, pamoja na za Marekani, zinaruhusu hivyo. Waliohama ni habari nyingine. Wakaguzi wanajua kwamba "amehama" ndilo jina la heshima la utoro, kwa hiyo hao waache ndani, isipokuwa mkataba wenu useme vingine. Kwa kila mmoja wa wanne hawa andika tarehe ya kipindi cha mwisho alichohudhuria, na aliyekupa habari zake ni nani. Kwa wino, tafadhali. Rejista ya penseli siisomi.